Aliyepimwa Mara Mbili

Mara ya nne Mzee Odera aliporudisha kichwa nyuma, Edinah, mpimaji wa macho, aliiweka chini kalamu ya mashine ya kupimia na kuvua glavu.

"Mzee, hii kalamu lazima iguse jicho," alisema. "Nimekutia dawa ya ganzi. Hakuna uchungu hapo."

"Wewe ndiye unajua ninachosikia?"

Bridgit alikuwa amesimama karibu na mlango akitazama sakafu. Alikuwa mke wa Isaiah, mwana wa mzee huyo, na kwa desturi ya kwao mke wa mwana hamshiki baba mkwe wala hamwambii atulie kama mtoto. Kutoka steji ya matatu mpaka katika hospitali hii ya macho, mjini Eldoret, walikuja wameshika fimbo moja, yeye mbele na ncha moja, mzee nyuma na ncha nyingine. Kila alipojikwaa, mzee alisema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara kwamba anaburutwa kama ng'ombe wa mnadani. Watu waligeuka. Bridgit aliwatazama mpaka wakaona haya wenyewe.

Jicho la kulia la mzee lilikuwa limekufa. Lilipasuliwa miaka mitatu iliyopita katika kambi ya matibabu ya bure huko Moi's Bridge, likaona majuma machache, kisha lenzi ikayumba, ikateleza, na baadaye pazia la nyuma ya jicho likang'oka. La kushoto nalo sasa lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, mweupe kama maziwa yaliyoganda. Alichobakiza ni kujua mchana na usiku, na vivuli vya watu.

Dakta Kipkirui aliingia bila kubisha, akachukua karatasi kutoka mkononi mwa Edinah na kuisoma akiwa amesimama.

"Ishirini na sita nukta nne. Ishirini na saba nukta tatu. Ishirini na sita nukta nane. Hivi ni vipimo au ni bahati nasibu?"

"Anasogea, Daktari."

"Faili ya kambi inasema jicho la kulia lilikuwa na urefu wa milimita ishirini na mbili nukta tisa. Macho ya mtu mmoja hufanana. Wewe unaniletea karibu milimita nne za ziada kutoka wapi?"

Edinah alikuwa msichana mwembamba, sauti yake ndogo, lakini hakurudi nyuma. Alisema kwamba mgonjwa akisogea kipimo huruka huku na huku, na kalamu ikigandamiza jicho hulifupisha. Vipimo vyote vitatu havingeweza kukosea kwa kwenda juu namna hiyo. Alisema amepima pia upana wa duara jeusi la jicho kwa mbele, nalo ni pana kuliko kawaida. Kwa maoni yake, jicho la mzee huyu ni kubwa, na chenye makosa ni faili.

"Nimekuuliza maoni yako?"

Mzee Odera alitabasamu kidogo, kwa sababu hatimaye alikuwa akitukanwa mtu mwingine.

Bridgit ndiye aliyeuliza kosa liko wapi hasa, na daktari akamweleza kwa haraka, kama mtu anayelipa nauli. Lenzi ya jicho hukaa ndani ya kifuko chembamba kama utando ulio ndani ya ganda la yai. Wanaitoa lenzi iliyochafuka, wanakiacha kifuko, wanaweka lenzi mpya humo. Mzee aliwahi kupigwa na ubao kwenye jicho hili la kushoto alipokuwa seremala, na nyuzi zinazoshikilia kifuko zimelegea, kwa hiyo lazima ndani yake kutiwe pete nyembamba ya kukitandaza. Pete ndogo katika kifuko kikubwa haishiki kitu. Pete kubwa katika kifuko kidogo huenda ikakipasua. Na kifuko chenyewe hakionekani chote, kimejificha nyuma ya mboni. Ukubwa wake unakisiwa kwa kulipima jicho: urefu wake, upana wake.

"Si mpime lile la kulia tena?" Bridgit aliuliza.

"Pazia limeng'oka. Kipimo chake sasa hakiaminiki. Kilichobaki ni faili." Daktari alitazama saa. "Lenzi imeanza kuvimba, presha ya jicho inapanda. Siwezi kungoja mwezi. Pete inaagizwa Nairobi Alhamisi saa nne asubuhi, na nitaagiza kwa kufuata faili, isipokuwa mtu aniletee sababu ya kutofanya hivyo. Mwambie mwanawe aje siku hiyo kutia sahihi."

Alipotoka, Edinah alimfuata Bridgit hadi kwenye ukumbi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Jicho la mtu mzima halikui, Mama," alisema. "Yule aliyepimwa kambini, mimi sidhani ni huyu. Siku ya kambi Mzee alikuwa na nani?"

*

Swali hilo Bridgit alilipeleka nyumbani Kapseret, akaliweka mbele ya mumewe jioni, jikoni, mlango umefungwa.

Isaiah alikuwa mwalimu wa kemia. Kwa miaka mitatu yeye na baba yake walikuwa wameishi ndani ya boma moja kama wapangaji wanaodaiana. Mzee alikula katika chumba chake cha nje. Akitaka kitu kwa mwanawe alimtuma Bridgit, na majibu yakarudi kwa Bridgit, na yalipokuwa mabaya aliyekaripiwa ni Bridgit. Wakati mwingine wote watatu walikuwa uani na mzee akasema, "Mwambie bwana yako ng'ombe wake wanalia njaa," na bwana mwenyewe yuko hatua tatu kutoka hapo ameshika ndoo.

Lakini hilo Isaiah angeweza kulivumilia. Ambayo hakuweza ni yale ya mwaka juzi, kwenye mazishi ya baba yake mdogo huko kwao Gem. Mzee Odera aliomba maikrofoni, akasimamishwa mbele ya jeneza, na badala ya kumsifu nduguye aliwaambia watu wa ukoo wote kwamba mtoto aliyemsomesha mpaka chuo kikuu alimtupa kwa madaktari wa bure kama mbwa anayeachwa sokoni, akaenda zake, na sasa baba ana jicho moja. Isaiah alikuwa ameketi safu ya pili. Tangu siku hiyo hakwenda Gem tena, hata Desemba.

Na hakujitetea, kwa kuwa kuondoka aliondoka kweli. Siku ile ya kambi alipigiwa simu na mwalimu mkuu kwamba wanafunzi wa kidato cha nne wako kwenye karatasi ya mtihani na hakuna msimamizi. Alimwacha baba yake kwenye foleni saa nne, akarudi saa kumi akamkuta ameshafungwa bandeji.

"Ulimwacha na nani?" Bridgit aliuliza.

"Na Macharia. Yeye pia alikuwa anatolewa mtoto wa jicho." Isaiah alisonga ugali kwa nguvu kuliko ulivyohitaji. "Kwa nini?"

Bridgit alisema hakuna kitu. Hakutaka kumpa tumaini ambalo hakuwa ameligusa mwenyewe.

*

Macharia alikuwa na kinu cha kusaga unga karibu na barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Yeye na Mzee Odera walikuwa marafiki wa miaka thelathini, Mkikuyu na Mjaluo waliofichana na kusaidiana katika nyakati mbaya za uchaguzi, wakakaa kila Jumapili wakicheza drafti kwa vizibo vya soda. Halafu Macharia akaacha kuja. Mzee alisema watu wa biashara hawana rafiki kipofu, na nyumbani wakaamini.

Bridgit alifika na kopo la maziwa kama mtu anayepita tu. Macharia alimwona, akatazama pembeni, akaendelea kumimina mahindi.

"Mzee anapasuliwa jicho la pili," Bridgit alisema akishindana na kelele. "Vipimo vya kambi havilingani na vya sasa."

Macharia aliuzima mtambo. Vumbi la unga lilibaki likielea.

"Mimi siye niliyempasua," alisema.

"Sijasema ni wewe."

"Basi umekuja kufanya nini hapa?"

"Kukuuliza nani alikaa kwenye mashine."

Mwanamke aliyeleta debe lake la mahindi alikuwa akisikiliza. Macharia alimwambia arudi baadaye. Akaketi juu ya gunia, akajipangusa unga usoni, na chini ya unga huo Bridgit akaona uso wa mtu aliyechoka kubeba kitu.

Siku hiyo, alisema, foleni ya kupimwa ilikuwa ndefu. Mbele yao palikuwa na mama mmoja kutoka mji wa Matunda. Kalamu ilipomgusa jicho alipiga kelele, akajikojolea pale pale kitini mbele ya watu. Odera aliona. Jicho la kushoto lilikuwa bado linaona vizuri wakati huo. Mama huyo alipotolewa, Odera alisema anatoka kwenda haja, na aliporudi alimwita Macharia nyuma ya hema, akamwekea kadi yake mkononi.

"Mimi nilikuwa nimeshapimwa," Macharia alisema. "Wale vijana wa kambi walikuwa wamechoka, hawatazami sura. Nikavaa kofia yake, nikaketi tena. Siku hiyo mimi nilipimwa mara mbili. Moja kwa jina la Macharia, na moja kwa jina la Odera."

Bridgit aliliweka chini kopo la maziwa.

"Na mimi naona mpaka leo," Macharia alisema, kama anayeungama wizi. "Hata herufi za gazeti. Lenzi yangu imekaa sawa kabisa. Aliponiambia yake inayumba nikamwambia, twende tukawaambie ukweli, labda wataibadilisha mapema. Alinifukuza. Aliniambia nikikanyaga kwake tena atanipiga panga, kipofu au si kipofu. Halafu nikasikia alichomfanyia kijana wake kwenye mazishi." Alinyanyuka, akashika mkono wa mtambo. "Sikuja kusema. Hilo ni kosa langu. Lakini usinipeleke mbele yake."

*

Mzee Odera alikuwa ameketi kitandani kwake, mlango wazi ili apate mwanga. Bridgit alisimama kizingitini. Kuingia asingeweza, chumba cha baba mkwe si mahali pake.

Alimwambia alikotoka na alichoambiwa. Hakupamba wala kupunguza.

Mzee aliuliza, "Isaiah anajua?"

"Bado."

"Basi asijue."

"Baba, Alhamisi wataagiza pete ya kipimo cha Macharia. Itawekwa ndani ya jicho lako."

"Wacha iwekwe."

"Utakuwa kipofu kabisa."

"Niko karibu kuwa kipofu sasa, kuna tofauti gani?" Aligeuza uso kuelekea sauti yake, na lile jicho jeupe likamkosa kwa kipimo cha mkono. "Sikiliza, nyar Seme. Wewe uliletwa hapa kupika. Hukuletwa kunichunguza. Ukifungua huo mdomo wako hospitalini nitawaambia umenunuliwa na Macharia. Nitarudi Gem na nitasema ni wewe uliyenifukuza, na wataamini. Unajua wataamini."

Alijua. Walikwishaamini lile la Isaiah.

Bridgit alikuwa ameolewa katika boma hili miaka kumi na moja. Alikuwa amemfulia mzee huyu, amemwongoza chooni kwa ncha ya fimbo, amemchambulia samaki mwiba kwa mwiba ili asisakamwe, na hajawahi kuitwa kwa jina lake, ila nyar Seme, binti wa kutoka Seme. Kulikuwa na sehemu yake, na hakuikana, iliyotaka kusema sawa, Mzee, iwe kama unavyotaka. Atiwe hiyo pete ndogo. Akae gizani na kiburi chake.

"Nitakuja saa kumi na mbili asubuhi Alhamisi," alisema. "Uwe umevaa koti. Kuna baridi."

*

Isaiah alikuja hospitalini akitoka darasani, chaki ikiwa bado mkononi. Aliketi kiti cha mwisho, mbali na baba yake, na Bridgit akawa katikati kama ukuta. Dakta Kipkirui aliwapa fomu ya kutia sahihi kabla hawajakaa vizuri. Edinah alisimama nyuma yake ameshika faili, midomo imebanwa.

Daktari alisema ataagiza pete ndogo, na lenzi kwa kufuata vipimo vya kambi. Aliuliza kama kuna swali. Isaiah alisema hapana, akaiweka fomu juu ya goti lake, akaanza kuandika jina.

"Usitie sahihi," Bridgit alisema.

Mzee Odera aligonga fimbo sakafuni. "Mwanamke huyu asisikilizwe. Ana maneno ya sokoni."

"Vipimo vya kwenye faili si vyake," Bridgit aliendelea, akimtazama daktari peke yake. "Ni vya mtu anayeitwa Macharia. Alikaa kwenye mashine kwa kadi ya mzee. Nimeongea naye juzi."

"Mwongo," mzee alisema. "Amelipwa. Mtafuteni huyo Macharia aseme mbele yangu."

Daktari alikasirika, na mara hii hakujua amkasirikie nani. Alisema hospitali yake si baraza la chifu. Alisema jicho likiharibika, jina litakalotajwa ni lake, si la Macharia. Kisha akavuta kiti, akakaa, uso wake ukawa sawa na wa mzee, na kwa mara ya kwanza tangu waje hapo alizungumza polepole.

"Mzee Odera. Mimi sijali nani alimtukana nani. Nikiweka pete ndogo na kifuko ni kikubwa, lenzi itaanguka, na hakuna jicho la tatu. Ulikaa kwenye mashine ile, au hukukaa?"

Mikono ya mzee ilitafuta kitu juu ya fimbo, ikapanda, ikashuka. Mikono mikubwa, yenye makovu ya misumari na randa. Isaiah alikuwa ameinua kichwa. Kalamu ilikuwa bado imesimama juu ya herufi ya pili ya jina lake.

"Yule mama mbele yangu alijikojolea," mzee alisema. "Mbele ya watu."

Isaiah aliifunga kalamu.

"Mimi nilikuwa nimevaa suruali ya kaki," alisema tena, kwa sauti ndogo. "Ingeonekana."

Edinah aliandika kitu haraka kwenye faili, akachora mstari juu ya namba za zamani. Isaiah alisimama. Aliiweka fomu mezani.

"Mazishini kulikuwa na watu mia nne," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha baba yake ana kwa ana katika miaka mitatu. "Mama yangu wa kambo alikuwa pale. Wanafunzi wangu wawili wa zamani walikuwa pale. Nani atawaambia?"

Mzee aligeuza uso kuelekea mlangoni.

"Siku ile niliporudi nikakukuta na bandeji, nilikuomba msamaha. Ulinyamaza ukaupokea." Isaiah akamgeukia daktari. "Sitii sahihi mpaka apimwe upya akiwa ametulia. Akikataa, mpelekeni nyumbani."

Alitoka, akaenda kusimama kwenye maegesho.

Mzee alipimwa upya. Aliketi, akaweka kidevu mahali pa kidevu, na kalamu ilipokaribia alianza kutetemeka mwili mzima. Edinah alimtazama Bridgit. Bridgit alivuka chumba, akaushika ule mkono wenye makovu, waziwazi, kwa mkono wake mtupu. Mzee alishtuka, akataka kuuvuta, kisha akaubana mpaka vidole vya Bridgit vikafa ganzi. Edinah akasoma namba tano mfululizo. Zote zilikuwa ishirini na saba na pointi chache, zimekaribiana kama ndugu. Dakta Kipkirui alizisoma, akasema iagizwe pete kubwa, na lenzi ihesabiwe upya. Hakumwomba Edinah radhi. Ila alimrudishia karatasi kwa mikono miwili. Bridgit alitoka na fomu hadi kwenye maegesho, na Isaiah akaitia sahihi juu ya boneti ya gari la mtu.

*

Upasuaji ulifanyika juma lililofuata. Kifuko kilikuwa kikubwa kama Edinah alivyokisia; pete ilikaa, lenzi ikatulia juu yake. Siku ya kufungua bandeji Isaiah hakuja. Alituma ujumbe kwamba ana zamu. Mzee alisoma herufi za ukutani mpaka mstari wa pili kutoka chini, wauguzi wakampigia makofi, naye hakucheka. Alimtazama Bridgit kwa muda mrefu, kama anayemwona mgeni, akasema kumbe ana mwanya na miaka yote hakuuona. Hakusema asante. Njia nzima ya kurudi hakumwita kwa jina wala hakumtukana.

Jumamosi mchana Isaiah alikuwa barazani akisahihisha madaftari. Mzee alitoka chumbani kwake amebeba kiti mwenyewe, akakiweka mbele ya meza, akaketi. Bridgit, aliyekuwa akianika nguo, aliacha shati likining'inia kwa kibanio kimoja.

"Umeota mvi," mzee alisema.

Isaiah aligeuza ukurasa. "Ni mwaka wa pili sasa."

"Hakuna aliyeniambia."

"Hukuuliza."

Mzee aliinama mbele, viwiko juu ya magoti. Alitazama paji la uso wa mwanawe, mistari iliyokuwa hapo, mashavu yaliyoingia ndani, shingo iliyokuwa nyembamba ndani ya kola. Alitazama kama alivyokuwa zamani akitazama ubao kutafuta palipopinda. Alifungua mdomo mara moja, akaufunga.

"Unataka nini, Baba?"

"Nakutazama."

"Basi tazama," Isaiah alisema, bila kuinua kichwa. "Lakini usiniambie neno. Leo sitaki neno lako hata moja."

Mzee akatii. Isaiah alisahihisha daftari la saba, akaliweka kando, akachukua la nane. Alilisoma mpaka mwisho, akarudi mwanzo kulisoma tena, maana macho yalikuwa yamelowa na maandishi yameanza kuchezacheza.